Mikataba ya Msiba: Nani Analipa, Nani Anadai na Nani Amejitolea

Unguja na Pemba mtu akifariki usiku, mara nyingi huwa ameshazikwa kabla ya alasiri ya siku inayofuata. Dini inahimiza maiti asicheleweshwe, joto la visiwani halitoi nafasi, na jamaa wenyewe hawana raha mpaka wamtie mtu wao kaburini. Katika saa hizo chache hununuliwa sanda, huchimbwa kaburi, hutafutwa gari, hupigwa simu kwa jamaa walioko Dar es Salaam na Maskati, na hutolewa ahadi nyingi mbele ya watu wengi. Ni nadra kutiwa saini karatasi yoyote. Kwa hivyo wengi wetu huamini kwamba maziko ya kwetu hayana mikataba, na kwamba mikataba ya maziko ni jambo la nchi za mbali ambako watu huzikwa na makampuni.

Imani hiyo si sahihi, nayo huzaa ugomvi unaozuka mara tu matanga yakishaanuliwa. Kila shilingi inayotoka mfukoni siku ya msiba ina hadhi yake: ama ni sadaka, ama ni ujira, ama ni deni, ama ni amana. Mtoaji huijua nia yake, mpokeaji hudhani yake, na kwa kuwa kuzungumza fedha mbele ya maiti huonekana ni utovu wa adabu, hakuna anayetamka. Baada ya mwezi anayedhaniwa kuwa alitoa sadaka huja kudai, na aliyedhani amekopesha huambiwa alijitolea. Yote haya huepukika kwa maneno machache yanayosemwa kwa wakati wake, lakini kwanza lazima mtu ajue ni maneno gani na yana uzito gani.

Msingi wa kuanzia ni mpangilio wa haki zilizomo katika mali ya marehemu. Qur'ani, katika sura ya An-Nisaa aya ya 11 na ya 12, inagawa mirathi baada ya kutolewa wasia na kulipwa deni. Kutokana na aya hizo na mafundisho mengine, wanazuoni wamezipanga haki hizo kwa daraja: kwanza gharama za kumtengeneza maiti, ambazo katika vitabu vya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, huitwa tajhizi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na mwisho ndipo warithi wanapogawana kilichobaki. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watu wengi zaidi visiwani, deni lililofungwa kwenye kitu maalumu hutangulia hata gharama za maziko. Mtu akifa na mikarafuu yake imewekwa rehani, aliyeishika rehani ana haki yake katika mikarafuu hiyo kabla ya sanda kununuliwa kwa thamani yake.

Tajhizi ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayosahauliwa. Ndani yake yamo maji na majani ya mkunazi ya kuoshea, bafta ya sanda, vitambaa vitatu kwa mwanamme na vitano kwa mwanamke, karafuu maiti, udi na marashi, viunza vya kuzibia mwanandani, ujira wa wachimbaji pale ambapo hakuna wa kujitolea, na usafiri wa kumfikisha maiti anapozikwa. Jeneza kwa desturi yetu halinunuliwi. Ni mali ya msikiti, watu hulibeba na kulirudisha. Kila kimoja katika hivyo hutazamwa kwa kadiri ya hali ya marehemu, bila israfu na bila kumdhalilisha. Anayetaka kuzidisha anaweza, lakini ziada hiyo huitoa mwenyewe au huidhinishwa na warithi wote waliobaleghe, kila mmoja katika fungu lake.

Chakula cha waliofika msibani hakimo katika tajhizi hata kidogo. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, Mtume aliwaamrisha watu wawatengenezee chakula jamaa wa Jaafar, kwa sababu limewafika jambo la kuwashughulisha. Mwelekeo wa chakula kwa hiyo ni kutoka kwa majirani kwenda kwa wafiwa. Mchele, mbuzi na mafuta ya kisomo cha siku ya tatu vikichukuliwa katika fedha za marehemu, vinachukuliwa katika fedha za warithi, na kama miongoni mwao wamo watoto wadogo, hakuna mtu yeyote duniani, hata mama yao, anayeweza kuridhia kwa niaba yao kwamba fungu lao liliwe. Aya ya 10 ya sura hiyo hiyo inasema juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma maneno ambayo kila msomaji anayajua. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu jambo lenyewe hufanywa na watu wema, kwa nia ya kumtukuza marehemu, na wanaoumia ni watoto wake ambao hawana umri wa kusema neno.

Suala jingine linalostahili kujulikana zaidi linahusu mke. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Shafi, mume mwenye uwezo ndiye anayewajibika kwa gharama za maziko ya mkewe, hata kama mke ameacha mali yake mwenyewe. Kaka wa marehemu wanaokimbilia kununua sanda hufanya ihsani, lakini mume asiyejua hukumu hii na akazikata gharama hizo kutoka katika dhahabu ya marehemu kabla ya mirathi, amewapunguzia warithi wengine haki yao. Ama asiyeacha kitu, gharama zake huwaangukia wale waliokuwa wakiwajibika kumlisha alipokuwa hai, na wakikosekana hao, jamii nzima.

Aliyetoa fedha kwanza

Tuchukue mfano wa kawaida. Mzee amefariki alfajiri huko Konde, Pemba. Watoto wake wakubwa wawili wako Unguja, na aliye karibu ni mtoto wa ndugu yake mwenye duka. Kijana huyu anachukua bafta dukani kwa mwenzake kwa kuandikiwa, anawapa wachimbaji fedha ya chai, anakodi gari la kumpeleka maiti makaburini, na kabla ya adhuhuri ametumia fedha alizokuwa ameziweka kwa kununulia bidhaa. Je, anawadai watoto wa marehemu?

Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, Sura ya 149 ya sheria zake, tofauti na ile ya Tanzania Bara, ingawa zote mbili zimetokana na Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Katika sheria hiyo mama mna kanuni inayojibu swali hili takriban moja kwa moja: mtu akimfanyia mwenzake jambo halali, au akampa kitu, bila ya kukusudia kutoa bure, na mwenzake akafaidika, huyo aliyefaidika anawajibika kumlipa au kumrudishia. Kila kitu hapo kinategemea kukusudia kutoa bure au kutokukusudia. Fiqhi nayo inauliza swali hilo hilo: alijitolea, au alitoa kwa nia ya kurejea katika mali ya marehemu? Kijana akiwa amejitolea, hawezi kugeuza nia baada ya wiki mbili kwa sababu ameudhiwa na mtu. Akiwa amekopesha, dai lake ni la tajhizi, na hulipwa kabla ya warithi kupata chochote.

Nia haionekani, kwa hiyo inahitaji kutamkwa. Inatosha kumwambia mmoja wa watoto kwa simu, mbele ya mtu wa pili, "Sanda na gari nimetoa mimi, tutahesabiana," au kinyume chake, "Sanda ni sadaka yangu kwa ami yangu, msinirudishie." Ujumbe wa simu unafaa zaidi kuliko mazungumzo kwa sababu unabaki na tarehe yake. Anayeona haya kuandika madeni siku ya msiba akumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni, na inawataka waumini wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa.

Upo pia ujanja wa neno "familia". Mwenye gari, mwenye mahema na viti, mwenye boti, wote huambiwa kwamba wamekodiwa na familia. Familia haina saini wala mfuko, na haiwezi kushitakiwa. Anayedaiwa ni yule aliyeagiza, isipokuwa kama alieleza wazi kwamba anaagiza kwa niaba ya mtu fulani aliyemtuma. Kijana anayetumwa kukodi gari anapaswa kutaja jina la aliyemtuma, na mwenye gari mwenye busara humpigia huyo aliyetajwa kabla ya kuwasha moto.

Usafiri wa maiti ndiyo sehemu ambayo kutokuelewana hugharimu zaidi, hasa baina ya visiwa viwili. Mgonjwa wa Pemba aliyefia hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, huweza kuzikwa huko huko katika makaburi ya Mwanakwerekwe siku ile ile, au kurudishwa kwao kwa boti mpaka Mkoani au kwa ndege. Jamaa wakichagua kumrudisha, mapatano yaeleze bei ni ya kutoka wapi hadi wapi, kwani "mpaka Pemba" kwa mwenye chombo ni bandarini na kwa mfiwa ni mlangoni Micheweni. Yaeleze nani anashughulikia kibali cha hospitali na sanduku la kusafirishia. Na yaeleze fedha inarudi vipi chombo kisipoondoka kwa sababu ya bahari chafu. Binafsi naona kumzika mtu alipofia, katika makaburi ya Waislamu, ni jambo lisilo na aibu yoyote, na mara nyingi ndilo lililo karibu zaidi na mafundisho ya kuharakisha. Lakini ukoo unaochagua njia nyingine uichague ukiwa unaijua gharama yake yote, na si nusu yake.

Kwa jamaa walioko nje, mambo huwa ya karatasi tangu mwanzo. Nchini Uingereza makampuni ya maziko yanalazimika tangu Septemba 2021 kuonesha orodha ya bei kwa muundo mmoja unaofanana, ili mfiwa aweze kulinganisha, na mipango ya kulipia maziko mapema imewekwa chini ya mdhibiti wa huduma za fedha tangu Julai 2022. Marekani ina kanuni ya mwaka 1984 inayompa mfiwa haki ya kupewa bei ya kila huduma peke yake, bila ya kulazimishwa kununua furushi zima. Mzanzibari aliyefiwa huko anaweza kukataa kutiwa dawa maiti ambaye atazikwa huko huko, na kukataa sanduku la fahari. Lakini akitaka maiti aletwe nyumbani, kutia dawa na sanduku maalumu mara nyingi hudaiwa na mashirika ya ndege, pamoja na cheti cha kifo na hati za afya. Kabla ya kutia saini aulize bei inaishia uwanja gani wa ndege. Aliye hapa visiwani naye asiahidi kwa simu kwamba "mleteni, tutachanga", maana kwa maneno hayo mtu mmoja kule ataingia mkataba wa fedha nyingi akiwategemea watu ambao bado hawajaulizwa.

Ardhi ya kaburi

Mjini watu huzikwa katika makaburi ya umma au ya wakfu na swali la ardhi halizuki. Mashamba ni tofauti. Pemba hasa, koo nyingi huzika kiamboni, pembeni mwa mashamba yao, na hapo kaburi hutegemea ruhusa ya mwenye haki ya kuitumia ardhi. Chini ya sheria ya mwaka 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma na mtu hupewa haki ya matumizi. Isitoshe, kwetu miti inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine, kwa hiyo mwenye mikarafuu au minazi ya mahali siye lazima mwenye kutoa ruhusa ya kuzika hapo. Ruhusa hutolewa kwa mdomo na kwa moyo mkunjufu, na haina shida mpaka siku aliyeitoa amefariki na watoto wake wanataka kuuza au kujenga. Ukoo unaozika katika ardhi ya jirani uombe ruhusa mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mahali hapo, na iandikwe. Unapouza shamba lenye makaburi, sehemu hiyo itengwe katika hati ya mauziano kwa vipimo, pamoja na njia ya kuifikia. Iliyo bora zaidi ni kuifanya sehemu hiyo wakfu na kuisajili katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa sababu wakfu hauuzwi wala haurithiwi.

Neno la kaburini

Baada ya sala ya jeneza, au baada ya talakini, jamaa wa marehemu husimama akasema maneno yanayofanana kila mahali: marehemu alikuwa binadamu, aliishi na watu, aliyemkosea amsamehe, na anayemdai aje kwetu. Watu huitikia na kutawanyika. Haya ni maneno yenye nguvu kuliko yanavyodhaniwa, na yamejengwa juu ya tukio linalojulikana. Aliletwa maiti mbele ya Mtume ili amsalie, akauliza kama ana deni. Alipoambiwa analo, hakutaka kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Katika riwaya moja deni lilikuwa dinari mbili, na Mtume aliendelea kumuuliza Abu Qatada siku zilizofuata kama ameshalipa.

Kilichofanywa na Abu Qatada ni dhamana, mkataba kamili kwa mujibu wa Shafi na wanazuoni wengi, unaomfunga aliyeutamka hata kama marehemu hakuacha kitu. Imam Abu Hanifa aliona tofauti pale marehemu anapokuwa hana mali, lakini kwa watu wa visiwani kauli inayofuatwa ni ya kwanza. Basi ipo tofauti kubwa baina ya kusema "anayemdai aje kwetu" na kusema "deni lake liko juu yangu". La kwanza ni mwaliko: wadai waje, madai yasikilizwe, yathibitishwe, yalipwe kutokana na alichokiacha. La pili humfanya msemaji kuwa mdaiwa kwa mali yake mwenyewe. Mtoto mwenye huzuni, akiwa amesimama juu ya udongo wa kaburi la baba yake, huweza kutamka la pili kwa kudhani anatamka la kwanza. Warithi kwa asili yao hawawajibiki kulipa zaidi ya kilichoachwa. Anayewajibika zaidi ni yule aliyejifunga kwa ulimi wake.

Mdai naye asitegemee kupita kiasi neno hilo. Sheria ile ya mikataba yenye asili ya India inakubali dhamana ya mdomo, ila inataka mdai awe ametoa au amefanya jambo kwa sababu ya dhamana hiyo. Mfano uliomo ndani yake ni wa mtu aliyekwishauza na kukabidhi bidhaa, kisha mtu wa tatu akaahidi kulipa bila ya kupata chochote badala yake. Ahadi hiyo inahesabiwa ni batili. Ndiyo kusema kwamba ahadi ya kaburini yaweza kuwa inamfunga mtu mbele ya Mungu na ikawa dhaifu mbele ya hakimu wa kawaida. Mwenye haki yake awasilishe dai lake katika mali ya marehemu, kwa maandishi na mashahidi, hata kama mtoto amekwishamwambia asiwe na wasiwasi.

Deni ambalo kaburini halitajwi kabisa ni mahari. Mume akifa na mahari ya mkewe hayajalipwa yote, mjane ni mdai kama mwenye duka alivyo mdai, na hulipwa kabla ya mirathi. Kisha ndipo anapochukua fungu lake la urithi, ambalo ni robo, au thumni (sehemu ya nane) ikiwa mume ameacha watoto. Wajane wengi huona haya kulidai. Wakiwa ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi, mgao huweza kwisha bila ya wao kuulizwa. Anayesimamia mirathi ndiye mwenye wajibu wa kumuuliza mjane, asimngoje ajitokeze.

Ubani na vyama vya kuzikana

Fedha ya ubani, inayotolewa kwa wafiwa kwa kupeana mkono, si sehemu ya mali ya marehemu, kwa kuwa marehemu hakuimiliki hata kwa dakika moja. Kwa hiyo haiingii katika mirathi, wala kaka mkubwa hana haki ya kuigawa kwa mafungu ya urithi. Ni hiba kwa yule aliyekusudiwa na mtoaji. Aliyempa mjane mkononi amempa mjane. Aliyeweka katika sinia ukumbini bila ya kutaja amewapa wafiwa kwa jumla, na hapo desturi ya mahali ndiyo inayofasiri. Mchango uliokusanywa kwa lengo lililotajwa, kwa mfano kumsafirisha maiti, ni amana mkononi mwa mkusanyaji: hautumiki kwa jambo jingine, na ukibaki, hurejeshwa kwa waliotoa wakijulikana, au wao huulizwa. Katika makundi ya simu ambako jamaa huchangishana, njia nyepesi ni kutangaza mapema kwamba kitakachobaki kitapewa mjane na watoto. Anayetoa baada ya tangazo hilo ameshakubali.

Vyama vya kuzikana, vya mtaa, vya akina mama au vya Wapemba wanaoishi Dar es Salaam, vimewaokoa watu wengi na fedheha. Katiba ya chama ndiyo mkataba, na mwanachama aisome kabla ya kuhitaji kuitumia. Aangalie nani anahesabika kuwa mtegemezi, kwani chama kinachomzika mzazi si lazima kimzike mkwe. Aangalie muda wa kusubiri wa mwanachama mpya, na michango mingapi ikikosekana humtoa mtu. Michango hiyo ni ya kujitolea kwa ajili ya wenzako, hivyo anayejitoa kwa kawaida harudishiwi. Chama ambacho hakijasajiliwa fedha zake hukaa katika akaunti ya mtu mmoja, na huyo akifa, akaunti yake huhesabiwa kuwa mali yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo akaunti iwe ya chama, yenye saini zaidi ya moja.

Bima huchanganywa na vyama, ingawa ni mkataba wa namna nyingine. Jambo moja tu nalitaja kwa sababu familia hupoteza fedha kwa kutolijua: mikopo mingi ya wafanyakazi hukatiwa bima ya kifo, na mkopaji akifa salio hulipwa na bima. Warithi wasianze kulipa mkopo wa benki kabla ya kuomba nakala ya mkataba na kuuliza, na waulize mapema, kwani mikataba ya bima huweka muda wa kutoa taarifa.

Karatasi baada ya udongo

Kifo husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, ukiwa na ofisi wilayani. Aliyefia hospitali huwa na hati ya hospitali. Aliyefia nyumbani, sheha ndiye wa kuanza naye, na aambiwe kabla ya kuzika. Cheti cha kifo ni ufunguo wa karibu kila mlango unaofuata: benki, fedha za simu, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa aliyekuwa mwanachama, bima na mahkama. Wanaochelewa kukichukua hujikuta wakithibitisha kifo cha mwaka uliopita kwa viapo.

Mpaka mirathi ifunguliwe, hakuna mtoto, hata mkubwa, mwenye uwezo wa kuuza au kukodisha mali ya marehemu. Kwa Waislamu mirathi husikilizwa na Mahkama ya Kadhi, ambazo sasa ziko chini ya sheria ya mwaka 2017, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo hushughulikia mirathi ya Waislamu na mali za mayatima. Wakristo wa visiwani huenda mahkama za kawaida. Anayenunua kiwanja kutoka kwa "mtoto wa marehemu" kabla ya hapo amenunua kesi.

Mikataba aliyoingia marehemu kwa kawaida haifi naye. Marehemu akiwa amekodisha mikarafuu yake kwa msimu, aliyeikodi ana haki ya kumaliza kuchuma, na kodi iliyobaki ni ya warithi. Nyumba iliyokodiwa hukaliwa mpaka muda uliolipiwa uishe, jambo lenye maana kubwa kwa mjane aliye edani. Vitambaa vya wateja vilivyomo katika duka la fundi cherehani aliyefariki ni amana, havihesabiwi katika mali yake, na virudishwe kwa wenyewe kwa orodha na saini. Inayokatika ni ile mikataba iliyotegemea mkono wa marehemu mwenyewe: fundi aliyepokea arbuni, yaani malipo ya awali, ya kuchonga mlango akafa kabla ya kuuanza, arbuni ile ni deni.

Kazi hii yote huwa nyepesi kwa wafiwa ikiwa marehemu aliandika. Hadithi sahihi inasema haifai kwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala usiku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Wasia wa mali hauvuki theluthi, na haumpi mrithi isipokuwa warithi wengine wakiridhia baada ya kifo. Lakini maagizo ya maziko yenyewe, nani amuoshe, azikwe wapi, kisomo kiwe cha namna gani, pamoja na orodha ya anaowadai na wanaomdai, yawekwe katika karatasi ya pili, mbali na wasia. Wasia hufungiwa sandukuni na hufunguliwa watu wakisharudi makaburini. Karatasi ya pili iwe kwa yule ambaye atapigiwa simu ya kwanza, naye aambiwe kwamba anayo.